Feruzi: jina la babu yangu limetoka wapi, na mbona halisikiki tena?

#1 Mjukuu wa Pangani
Wakuu, salaam. Mke wangu kajifungua mtoto wa kiume Jumapili, mama na mtoto wazima. Akika ni Jumamosi. Nataka kumpa jina la babu mzaa baba, Feruzi, na nyumba imegawanyika. Shangazi mkubwa alipolisikia alilia kwa furaha. Mama mkwe kasema mbele ya watu kwamba mjukuu wake hataitwa jina la mtumwa. Shemeji, mwalimu wa madrasa, anasema jina halina ubaya ila halina uzito wa dini. Baba yangu, ambaye jina ni la baba yake, kanyamaza kimya.

Nilipokuwa mdogo pale mtaani nilikuwa na Feruzi watatu: babu, Feruzi fundi wa majahazi, na Feruzi muuza kahawa. Juzi nimehesabu watoto wa ukoo, wamefika thelathini na kitu. Faisal wapo, Fahad wapo, Farhan wapo wawili. Feruzi hakuna.

Naomba kujuzwa mambo mawili. Limetoka wapi? Na limekwenda wapi?

#2 Kiti cha Nyuma
Hongera mkuu. Mimi Feruzi ninayemjua ni Ferooz wa Daz Nundaz tu, wale wa bongo fleva. Nimekaa, ngoja waje wenye historia.

#3 Mwalimu Mstaafu
Hongera kwa mtoto. Asili ya jina ni Kiajemi, hapo sina shaka. Zamani kule lilitamkwa Peroz, maana yake mshindi, mwenye kufuzu. Kuna mfalme wa Wasasani, watawala wa Uajemi kabla ya Uislamu, aliyeitwa hivyo, akatawala kuanzia mwaka 459 hadi 484. Waarabu hawana herufi P, kwa hiyo kinywani mwao likawa Fayruz. Sisi tukalipokea kwa Waarabu. Ushahidi ni hiyo E: Kiarabu kikisema *ay*, Kiswahili husema *e*. Shaytan ikawa shetani, khayr ikawa heri, Sayf akawa Sefu. Fayruz akawa Feruzi. Kwa hiyo mwanao ataitwa Mshindi. Mama mkwe akasirikie nini hapo?

#4 Mdigo wa Moa
Mwalimu umefupisha mno. Kama ni Kiajemi, basi lililetwa na Washirazi wenyewe walipofika pwani, Kilwa huko, karne nyingi kabla ya Mwarabu wa Omani. Mkuu mwambie mama mkwe hilo ni jina la masultani wa Kilwa.

#5 Magofu
#4 hapo ndugu yangu umeteleza. Masultani wa Kilwa wanajulikana kwa majina, sarafu zao zimeokotwa kwa maelfu. Utakuta Ali bin al-Hasan, utakuta Sulaiman, utakuta Daud. Majina ya Kiarabu ya dini matupu. Feruzi hayumo. Mtu kudai asili ya Shirazi ni jambo moja, majina aliyowapa wanawe ni jambo jingine. Na Kiswahili kina P yake nzuri tu: pembe, papa, pwani. Kama tungelipokea kwa Mwajemi mwenyewe wa enzi hizo, nani angetuzuia kusema Peruzi?

#6 Mdigo wa Moa
Nimekusoma mkuu. Lakini bandari tumeipata kwa Waajemi na haikupotea. Sijakata tamaa.

#7 Bi Mwaka wa Makunduchi
Assalaam alaykum wanangu. Nyote mwasoma vitabu, mimi nawaambia nililolisikia kwa bibi yangu. Feruzi ni mtoto aliyezaliwa siku ya Nairuzi, siku ya mwaka. Kwetu tunakoga mwaka kila Julai, na mtoto akizaliwa siku zile akiitwa Mwaka kama mimi, au Feruzi akiwa mwanamume. Nairuzi, Feruzi. Sikilizeni lilivyo.

#8 Mwalimu Mstaafu
Shikamoo Bi Mwaka. Kwa sikio ni ndugu kweli, ila kwa asili hawana undugu. Nairuzi ni maneno mawili ya Kiajemi, *naw* na *ruz*, yaani siku mpya. Feruzi ni neno moja la ushindi. Mwisho wake umefanana kwa bahati tu.

#9 Bi Mwaka wa Makunduchi
Marahaba mwanangu. Sijakataa. Lakini bibi yangu hakuijua Kiajemi, na waliompa jina mtoto wake hawakuijua. Walisikia Nairuzi wakasema Feruzi. Jina la mtu linatoka kwa aliyelitoa, halitoki kwa mfalme wa huko mbali.

#10 Kiti cha Nyuma
Hapo Bi Mwaka katufunga wote goli la kisigino.

#11 Wakili wa Mtaa
Hongera mkuu. Nitasema ambalo watu hapa wanalizunguka. Mama mkwe wako hajatunga. Mtumwa akinunuliwa, bwana wake alikuwa anampa jina jipya, na majina hayo yalikuwa na mtindo wake. Kuna majina ya heri: Mabruki, Bahati, Faida, Baraka. Kuna ya vito na manukato: Almasi, Feruzi, Marijani, Yakuti, Ambari, Kafuri. Ni mali inayoitwa kwa majina ya mali. Mtindo huu si wetu peke yetu, katika nchi za Kiarabu ulikuwepo miaka elfu iliyopita. Kafur aliyeitawala Misri hadi alipofariki mwaka 968 alikuwa mtumwa mweusi aliyenunuliwa, na jina lake ni kafuri ile ile ya maiti. Yaqut, mwandishi mkubwa wa jiografia aliyefariki 1229, alitekwa akauzwa, akaachwa huru.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Hadhi ya utumwa kisheria ikaondolewa Unguja na Pemba 1897, pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922. Huko nyuma si mbali. Watu walipokuwa huru, wengi walitaka watoto wao waitwe Muhammad, Abdallah, Fatma, majina ambayo hakuna atakayeyasikia na kuuliza ukoo. Jibu la swali lako la pili ndilo hilo. Feruzi hakufa, alibadili jina.

#12 Feruzi wa Tatu
#11 naomba ufute kauli. Naitwa Feruzi, babu yangu Feruzi, babu wa babu yangu Feruzi. Alikuwa nahodha, ana chombo chake, anakwenda Lamu na kurudi kwa kaskazi na kusi. Hakuna mtumwa hapo. Kuna Firuz Shah aliyekuwa sultani wa Delhi kuanzia 1351 hadi 1388, naye alinunuliwa na nani? Mnakuta jina moja mnaliwekea ukoo mmoja. Miaka yote shuleni nimeulizwa swali hili kwa kejeli na leo nalikuta humu kwa jina la elimu.

#13 Wakili wa Mtaa
Ndugu Feruzi, samahani kwa dhati. Sikusema kila Feruzi alitoka huko. Nimesema kwa nini watu waliliogopa, na wewe kwa kusimulia ya shuleni umenionyesha kwamba bado wanaliogopa. Nami sioni aibu popote, babu yangu mzaa mama alikuwa Mabruki na kwetu tunajua kwa nini. Aibu ni ya aliyenunua.

#14 Feruzi wa Tatu
Nimekuelewa. Yaishe. Ila nahodha alikuwa nahodha.

#15 Firoz wa Darajani
Salaam wote. Mimi ni Firoz, Mhindi wa Unguja, sasa niko Leicester. Kwetu jina hili halijapungua hata kidogo. Wahindi wa Afrika Mashariki, Waislamu na Wapasi (wale wa dini ya Zoroasta), wanalitumia mpaka leo. Mume wa Indira Gandhi alikuwa Mpasi, Feroze. Baba yangu alikuwa na duka la vitambaa, na wateja wa Kiswahili wakimwita kaka yangu mkubwa Feruzi bila kuona ugeni. Mmefikiria kwamba jina lilipita dukani? Mtu anazaa, anampa mtoto jina la mwenye duka anayemkopesha, hilo nililiona kwa macho yangu.

Na Mwalimu wa #3, sisi twatamka Feroz, kwa E. Kwa hiyo E si lazima itoke kwa Mwarabu.

#16 Mwalimu Mstaafu
Bwana Firoz umenishika. Ila kwenu mwisho ni O, Feroz, na kwetu ni U. E nakuachia, U nabaki nayo.

#17 Mtoto wa Kindu
Jambo bandugu. Niko Kindu, Maniema. Nimesoma uzi wote nashangaa, kwa sababu huku kwetu Feruzi wamejaa. Ni jina la familia, tuko na mabwana Feruzi, mabibi Feruzi, Wakristo na Waislamu. Lilikuja na Waungwana, wale waliotoka Unguja na Tabora pamoja na Tippu Tip, wakakaa Nyangwe na Kasongo. Wengi wao hawakurudi. Mutu wa kwanza alikuwa Feruzi, watoto wake wakaandikwa na Wabelgiji kwa jina lake, na likabaki hivyo.

Kisha Mobutu mwaka 1972 akakataza majina ya Kizungu. Baba yangu alikuwa na jina la ubatizo, akaliacha, akabaki na Feruzi peke yake kwenye karatasi zote. Kwa serikali ya Zaire hilo lilikuwa jina la Kiafrika kabisa! Na wenye kupenda muziki wa zamani watamkumbuka Camille Feruzi, mupiga kodiani wa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Nyinyi munasema jina limekufa, kumbe lilihamia kwetu.

#18 Mjukuu wa Pangani
Mtoto wa Kindu, asante sana. Nimemsomea baba post yako kwa sauti. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili kafungua mdomo. Kauliza, "Huko Kindu wanaliandika kwa Z au kwa S?"

#19 Mtoto wa Kindu
Kwa Z, baba. Umusalimie.

#20 Kandanda Tupu
Kuna na yule mchezaji, Islam Feruz, Mkenya aliyekuwa Chelsea akiwa kinda. Jina lipo hadi Ulaya.

#21 Magofu
Si Mkenya. Kazaliwa Kismayo, Somalia, akakulia Glasgow. Alikuwa Celtic akahamia Chelsea 2011. Kwa hiyo pwani ya kaskazini nayo inalo.

#22 Kandanda Tupu
Pokea maua yako mkuu.

#23 Abu Sumayya
Assalaam alaykum. Ndugu mwenye uzi, ningependa ufikiri kwa utulivu. Aliyemchoma kisu Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie, msikitini Madina mwaka 644 aliitwa Abu Lu'lu'a, na jina lake lilikuwa Firuz. Mtu ana majina elfu ya kuchagua, kwa nini achague hilo? Nadhani masheikh wetu waliporudi kutoka masomoni miaka ya nyuma waliwaambia watu haya, ndiyo maana jina likapungua.

#24 Ustadhi Kombo
Wa alaykum salaam sheikh wangu. Kwa heshima, hiyo ni nusu ya habari. Yupo Firuz mwingine, Firuz al-Daylami wa Yemen, Sahaba, aliyemuua al-Aswad al-Ansi, yule aliyedai utume wa uongo mwaka 632. Usiku aliingizwa ndani kwa msaada wa mke wa al-Aswad mwenyewe, ambaye alikuwa jamaa yake Firuz. Kama jina huchafuka kwa mmoja, basi lisafike kwa mwingine. Na tungepima majina hivi, hata yule aliyemuua Sayyidna Ali aliitwa Abdurrahman. Nani ameacha kumwita mwanawe Abdurrahman?

#25 Abu Sumayya
Barakallahu fiik. Hoja yako ya Abdurrahman ina nguvu. Msimamo wangu kuhusu kuchagua majina bora ya Kiislamu naubakisha.

#26 Mwalimu wa Chekechea, Mtwara
Mimi natoa la darasani, miaka minne iliyopita. Nilikuwa na mtoto Feruzi, wa kiume, na mtoto Fairuz, wa kike. Unajua siku hizi akina mama wanapenda Fairuz kwa binti, wamelisikia kwa yule mwimbaji wa Lebanon au kwenye tamthilia. Nikiita "Feruzi" wanasimama wote wawili, darasa linacheka. Muhula wa pili baba yake alikuja na karatasi, jina limebadilishwa, mtoto sasa ni Feisal. Nilimwuliza mtoto kama anapenda jina jipya. Akasema, "Bibi bado ananiita lile." Nadhani jina limevuka upande wa wanawake, kama Lulu na Johari. Likishavuka, wavulana hawalirudii.

#27 Chuwa
Nakazia #26. Huku Moshi nikisikia Feruzi nadhani ni dada.

#28 Sonara wa Mkunazini
Nimeingia kwa kuchelewa, mtanisamehe. Mmezungumza wafalme, watumwa na masahaba, hamjazungumza jiwe. Mimi ni sonara, na baba yangu alikuwa sonara. Feruzi ni kito, rangi yake ni kati ya buluu na kijani, kama maji ya kina kifupi saa nne asubuhi. Bora kuliko zote zilitoka Nishapur, Uajemi. Zamani mabaharia na mahujaji walikuja nazo, na wateja wa baba waliivaa kwenye pete ya fedha kujikinga na husuda. Mtoto aliyezaliwa baada ya wenzake kufa akipewa jina Feruzi kwa sababu hiyo, awe na kinga, asitazamwe kwa jicho baya. Hilo nimelisikia kwa wateja zaidi ya watatu, kila mmoja kwa wakati wake.

Sasa lililonishughulisha. Kwa nini Almasi bado wapo na Feruzi hawapo, na yote ni majina ya vito, na yote mnasema ya utumwa? Jibu langu: Almasi analijua kila mtu. Tangu Williamson aigundue Mwadui mwaka 1940, almasi iko kwenye vitabu vya shule. Marijani nalo limebebwa na Marijani Rajabu na muziki wake. Feruzi hana mgodi kwetu, hana mtu. Kijana akija dukani kwangu, namwonyesha jiwe, anasema "hii ya bluu bahari". Neno lenyewe limetoka mdomoni. Jina la mtu haliwezi kuishi kitu chake kikishasahauliwa.

#29 Wakili wa Mtaa
Sonara, hii sikuwahi kuifikiria. Lakini Yakuti? Kila mtu analijua jiwe la yakuti, na Yakuti nao wameisha.

#30 Sonara wa Mkunazini
Wameisha kweli. Hapo sina la kukujibu.

#31 Bi Mwaka wa Makunduchi
Hilo la mtoto wa kinga mwanangu Sonara umesema kweli. Na mimi nilisahau.

#32 Hesabu za Babu
Mnatafuta sababu kubwa, mimi naona ni hesabu ya kawaida. Kwetu pwani mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake. Feruzi anazaa Almasi, Almasi anazaa Feruzi, jina linaruka kizazi linarudi. Kwa hiyo jina linahitaji mtu mmoja tu kila baada ya kizazi ili liishi. Na linahitaji mtu mmoja tu kulivunja. Mjomba wangu alipompa mtoto wake wa kwanza jina la rafiki yake wa chuo, Feruzi wetu aliishia pale. Sasa yupo kwenye vitambulisho kama jina la tatu. Watoto wa hawa wakizaa, hata hilo la tatu linadondoka. Hakuna aliyelichukia. Hakuna aliyelikumbuka siku ya akika.

#33 Mjukuu wa Pangani
Wakuu, nimesoma kila kitu, nawashukuru wote. #32 umenigusa kwa sababu mimi ndiye huyo mtu mmoja.

Jana usiku baba alinipa bahasha. Ndani kuna stakabadhi mbili za kodi za zamani na kadi ya TANU. Stakabadhi ya kwanza imeandikwa kwa mkono, wino umekuwa kahawia: *Feruzi wadi Almasi*. Ya pili, karani mwingine: *Feruzi bin Abdallah*. Kadi ya TANU: *Feruzi Abdallah*. Mtu mmoja, babu yangu, kijiji kilekile. Almasi kaondoka, Abdallah kaingia. Nimemwuliza baba ni nani aliyebadilisha, karani au babu mwenyewe. Akasema, "Baba alikuwa hajui kusoma, lakini alikuwa anajua anachotaka kiandikwe."

#34 Wakili wa Mtaa
Vito viwili, baba na mwana. Mkuu, unaona ninachokiona?

#35 Feruzi wa Tatu
Mimi naona mzee aliyeliacha jina la baba yake, na lake mwenyewe akabaki nalo. Angeweza kuyafuta yote mawili kwa siku moja, karani yuleyule. Lake hakuligusa.

#36 Wakili wa Mtaa
Hilo sikuliona. Umeona vizuri.

#37 Mjukuu wa Pangani
Kwenye bahasha kulikuwa na pete pia. Ya fedha, nyembamba, imelika upande mmoja. Sonara, jiwe lake ni la kijani chafu, si buluu. Baba anadai lilikuwa buluu yeye akiwa mdogo. Inawezekana?

#38 Sonara wa Mkunazini
Inawezekana sana. Feruzi ina vitundu vidogo usivyoviona kwa macho, inakunywa mafuta ya ngozi, jasho, sabuni. Ikivaliwa kila siku, miaka kwa miaka, buluu inageuka kijani. Yenye kukaa sandukuni haigeuki hivyo. Usiisugue, usiipeleke kwa mtu aisafishe kwa dawa. Ukija Unguja niletee niione.

#39 Mama Akram
Mkuu, mama mkwe kasemaje? Jumamosi ni kesho.

#40 Mjukuu wa Pangani
Nimemwekea pete mkononi. Kaishika, kaitazama muda, kauliza babu alikufa mwaka gani. Kisha kasema ubani na udi wa akika ataleta yeye. Jina hakulitaja, si kwa ndiyo wala kwa hapana.

#41 Kiti cha Nyuma
Kesho tunasubiri. Wakuu wakati tunasubiri, Uledi je? Babu yangu mwingine alikuwa Uledi.

#42 Mwalimu Mstaafu
Uledi ni Kiarabu, *wulayd*, kijana mdogo. Nahodha wa mashua ya Stanley kwenye mto Kongo alikuwa Uledi. Fungua uzi wake, nakuja.